Alhamisi za Mwamini

Treni ya Kongolo iliingia Kindu saa nne asubuhi, na stesheni ikajaa mara moja wapagazi, wanawake wenye vikapu vya samaki wakavu, na makarani wa reli katika kaptula nyeupe. Anaclet Okito alikuwa akilifuata sanduku lake la mbao, akiwasihi wapagazi wasiliinamishe, lilipogonga robota la vitambaa. Mwenye robota akageuka.

"Baba, mu sanduku iko nini mpaka unaiogopa vile?"

Alikuwa msichana mrefu, mtandio mweupe kichwani, gauni la kijani lililofungwa vifungo hadi vifundo vya mikono. Joto lilikuwa kali, naye hakuwa amefungua hata kifungo kimoja.

"Iko jua," alijibu Anaclet.

Msichana akatazama juu, kisha akamtazama yeye. "Sisi tunaungua hapa, na wewe unaagiza lingine kule Bulaya?"

Anaclet akacheka. Mwaka huo wa 1953 alikuwa msaidizi wa daktari hospitalini Kindu, kijana wa miaka ishirini na saba aliyesomea Léopoldville. Ndani ya sanduku mlikuwa na taa ya mwanga wa zambarau aliyoiomba kwa barua sita. Aliamini mwanga unaweza kutibu ngozi pale dawa ya kupaka iliposhindwa. Alipomkabidhi msichana robota lake, kitambaa cha gauni kilipanda kidogo, akaona baka jeupe mkononi. Msichana akalifunika haraka.

"Usiogope," Anaclet alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo si ukoma. Iko mbalanga tu, ngozi imepoteza rangi. Uje hospitali Alhamisi mchana, tujaribu kuitibu."

Jina lake lilikuwa Mwamini, binti wa Mzee Sudi, mshona kanzu wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Alhamisi akaja na baba yake. Mzee Sudi alikuwa na unga wa mbegu alioletewa na mahujaji waliopitia Misri, ambako wenye mbalanga huunywa na kukaa juani. Anaclet aliunywa kwanza yeye mwenyewe, akaweka mkono chini ya taa, akaungua malengelenge. Akapunguza unga, akapunguza dakika, akarudia. Ilipofika zamu ya Mwamini, alijua kipimo.

Alhamisi zikafuatana. Mwamini alikaa kwenye kiti cha mbao, miwani myeusi usoni, akichokoza.

"Munganga, leo umenukia vitunguu."

"Usinichekeshe. Mkono ukitikisika, taa itakuunguza."

"Na roho yangu je? Ile ilisha kuungua zamani."

Mwezi wa tatu, vitone vya rangi ya kahawia vikatokea ndani ya baka, vidogo kama ufuta. Anaclet aliuinua mkono ule hadi dirishani, akasahau kuuachia.

"Mupenzi wangu," alisema, "nitamwona baba yako."

Mzee Sudi hakukataa. Alisema mambo ya dini wayazungumze baada ya Ramadhani.

Kabla Ramadhani haijaisha, daktari mkuu, Mbelgiji, aliingia chumbani bila kubisha. Akaitazama mikono ya Mwamini kwa kitambo kifupi, akaagiza karatasi ya kumpeleka kambi ya wakoma. Ofisini Anaclet alieleza kwamba amemchoma mgonjwa kwa sindano ndani ya kila baka, na kila mara alisikia maumivu, mkoma asingesikia. Daktari hakubishana. Alisema tu kwamba wiki hiyo anapeleka Léopoldville jina la msaidizi mmoja atakayefanya kazi maabara, na kwamba karatasi ya kambi inahitaji sahihi ya aliyemchunguza mgonjwa.

Anaclet aliishika kalamu muda mrefu. Alijiambia kwamba akiwa maabara ataweza kuthibitisha ukweli, amtoe Mwamini baada ya mwezi mmoja. Akatia sahihi.

Mwamini alimsubiri nje, karibu na ukuta.

"Nimebishana naye," Anaclet alimwambia. "Amekataa kunisikia. Amesaini yeye mwenyewe."

Mwamini alimpangusa jasho kwa ncha ya mtandio. "Usihuzunike. Najua ulinipigania. Nitakungoja."

Haukuwa mwezi, ilikuwa miezi kumi na mmoja. Kutoka kambini Mwamini aliandika barua za Kiswahili, kila moja ikianza na "Mupenzi wangu uliyenipigania." Anaclet alizisoma akiwa maabara Léopoldville, akazifungia sandukuni. Vipande vya ngozi ya Mwamini alivyoomba vikafika hatimaye, vikapimwa mara tatu, visionyeshe ukoma hata kidogo. Amri ya kumwachia ikatoka, naye akapanda meli na treni kurudi Kindu, akiwa na kitambaa cha arusi mkobani.

Alimkuta uani Alunguli, akipiga pasi kanzu. Miezi kumi na mmoja bila taa ilikuwa imefanya kazi yake. Vitone vyote vilikuwa vimefutika, na weupe umepanda hadi shingoni na kuizunguka midomo.

"Mwamini," alisema, "nimekuja tuoane."

Mwamini aliiweka pasi kando. Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa. "Siku ya kutoka walinipa hii. Kifaransa sikijui, lakini jina lako nalijua. Nani alisaini?"

Anaclet aliitazama. Kuku walikuwa wakiparua vumbi kati yao.

"Mimi."

"Ungeniambia siku ile pale ukutani, ningekwenda kambini nikikupenda, na ningerudi nikikupenda," Mwamini alisema, bila kupaza sauti. "Barua zangu zote uliziacha zikukute muongo."

"Nilitaka kukutoa."

"Ulinitoa. Aksanti. Kitambaa chako uende nacho."

Anaclet alirudi kazini hospitalini, kwenye taa yake. Alhamisi iliyofuata Mwamini alikuja na shangazi yake, ambaye alikaa kati yao. Kwa mwaka mzima Mwamini hakukosa hata Alhamisi moja. Anaclet alipima unga, akahesabu dakika, akaandika kila kitone daftarini. Wagonjwa wengine walianza kuja kutoka Kibombo na Lubutu wakisikia habari za taa yake. Mwamini alimwita kwa cheo chake, Bwana Asista, kama walivyomwita wao, na hakumchokoza tena.

Rangi ilirudi shingoni, kisha mikononi, mwisho midomoni. Siku ile ya mwisho Anaclet aliuinua mkono wa Mwamini dirishani, hakuona baka.

"Imeisha," alisema.

"Sasa baba anaweza kumjibu yule muntu wa Kasongo aliyeniposa," Mwamini alimwambia shangazi yake. Akafunga vifungo vya gauni, akaaga kwa heshima, akatoka.

Nje, mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshasimama mlangoni. Anaclet akamwambia aingie, akaiokota miwani myeusi kitini, akamkabidhi.