Kikao cha Bwana Dakika Tano

Ilikuwa mwaka 2019, majira ya kipupwe. Katika msongamano wa mlango wa lifti, kiwiko cha kijana mmoja mrefu kilimwaga chai yote juu ya blauzi nyeupe ya mwandishi wa programu ambaye wenzake walimwita Sindano, kwa makali ya ulimi wake.

"Samahani, dada."

"Samahani haifui blauzi, kaka."

"Basi nitaifua mwenyewe."

Wote wawili walishukia ghorofa ya saba. Kumbe kijana yule ndiye mkaguzi mpya wa programu za ofisi yao. Haukupita mwezi, mkaguzi akawa anamwita Sindano "roho yangu" kwenye simu. Waliwekeana ahadi moja: mkaguzi akiona kosa katika kazi ya Sindano, atamwambia faraghani kwanza.

Mkuu wao, Bwana Dakika Tano, aliitisha kikao kila asubuhi, akiahidi dakika tano tu. Kila mmoja alisimama akataja rangi ya moyo wake: kijani kwa utulivu, manjano kwa wasiwasi au nyekundu kwa hasira. Dakika hizo tano zilikula saa mbili, na walioingia kijani walitoka nyekundu.

Siku moja kikao kilipovuka saa nzima, mkuu alimfokea mkaguzi: mbona programu waliyoiandikia hospitali inapoteza miadi ya wagonjwa? Mkaguzi, aliyechoka kubanwa, akamnyooshea Sindano kidole.

"Muulize huyu. Kazi yake imeoza."

"Nimeoza mimi?"

Kikombe cha Sindano kikaruka, kikampasua mkaguzi juu ya jicho. Damu ikatapakaa mezani. Mkaguzi akautwanga ukuta wa kioo kwa ngumi hadi ukapasuka. Mkuu alipojitia kuamua ugomvi, aliambulia kiwiko cha taya.

Jioni Sindano alimpigia mkaguzi simu. "Nyuzi ngapi?"

"Saba. Kesho ninakuja kuaga. Nimepata kazi kwingine."

"Uliniaibisha!"

"Nilivunja ahadi, ninakiri. Lakini wewe ungeniua, roho yangu." Akakata.

Huku amefura, Sindano aliifungua programu ili amuumbue. Kosa lilikuwapo, la mkono wake mwenyewe, limeandikwa punde baada ya kikao. Akapekua makosa yake ya nyuma. Yote tisa yalizaliwa saa ile ile, moyo ukingali unatokota.

Asubuhi, kikao kikiendelea, mkaguzi alisimama mlangoni, bandeji usoni, begi begani.

"Rangi?" mkuu alimuuliza Sindano.

"Nyekundu," Sindano akajibu. "Kosa lilikuwa langu. Kikao hiki hutupandisha mori, lakini kikombe nilikirusha mimi."

"Fupisha, dada."

"Wewe nyamaza! Nilimpasua mbele yenu. Mbele yenu ninamwomba radhi."

Kisha akamgeukia mpenzi wake, akayarudia maneno yale bila kupunguza hata moja, hadi yule kijana akalitua begi sakafuni.