Simu ya Mnyororo kwenye Kioo cha Kinyozi

Majirani zangu, haya ninayowasimulia ni kweli tupu, kweli isiyotiwa maji. Nayaapia masharubu yangu, niliyoyalea tangu nikiwa kazini hadi nikastaafu: akinikuta mtu na uongo hata wa punje, na yanyolewe mbele ya kadamnasi.

Saluni ya Kinyozi mnaijua. Zamani asubuhi zake zilikuwa za raha: redio chinichini, poda ikinukia, Kinyozi kwenye kiti cha kushoto, mwanawe kwenye kiti cha kulia. Kijana tulimwita Ncha, kwa jinsi alivyochonga ndevu za mtu kwa wembe mtupu ukadhani kapima kwa rula. Mimi makao yangu ni benchi la wanaosubiri. Nywele sina, ila maneno ninayo.

Kisha unga, ule wa kulevya, ukaingia nyumba ile. Ncha alianza kwa mchezo, mchezo ukamcheza yeye. Mkono ukaanza kutetemeka, akamkata mteja sikio. Mteja alitoka mbio na shuka shingoni, na shuka lile hatujaliona tena. Simu zikatoweka, ya baba, ya mama, hata ya mpangaji. Mwishowe Kinyozi akakitoa kiti cha kulia, akakitupa uani, kuku wakahamia.

Mama yake ndiye aliyemkokota hadi kliniki.

"Mama, huu ni ugonjwa, na dawa ipo," Muuguzi alimwambia. "Kwanza atakuja kunywa hapa mbele yetu. Akitulia tutampa ya kunywa nyumbani, ila kila asubuhi ajirekodi kwa simu akiinywa, atutumie. Na humo kuna kitufe chekundu. Arosto, ile kiu ya unga, ikimkaba abonyeze, mmoja wetu atamtokea hapohapo waongee."

Mama akaguna. "Sista, kumpa huyu simu si sawa na kumpa fisi bucha alinde?"

"Simu niachieni mimi," akasema Kinyozi.

Ulipofika wakati wa dawa ya nyumbani, Kinyozi aliifunga simu kwenye fremu ya kioo cha saluni, kwa mnyororo wa baiskeli na kufuli. Hakufikiri jambo moja tu: kwamba Ncha sasa atakunywa dawa yake mbele ya wateja wote.

"Baba, umati wote huu?"

"Unga ulikuwa ukivuta mbele ya nani?"

"Kichochoroni, gizani."

"Basi dawa utainywa mwangani."

Mwanzoni alikunywa macho yakiwa sakafuni. Fundi viatu akacheka, akasema, "Afya, mzee."

"Unacheka nini?" mteja mmoja akamkatiza. "Mimi najidunga sindano ya kisukari kila siku, mbona hunicheki?"

Tangu siku hiyo maneno yaligeuka. Watu walianza kupita wakiuliza, "Ameshakunywa?" Ukiitika ndiyo, wanapiga makofi, wanaendelea na safari zao. Ncha akanenepa mashavu, akawa anafagia nywele huku akiimba. Lakini wembe baba yake hakumpa. "Mkono kwanza," alisema. Kiti kikabaki uani na kuku wake.

Ndipo akaja muuza unga, yule tuliyemwita Asali kwa utamu wa ulimi. Alikalia kiti kama mteja mwingine yeyote. Kinyozi hakumjua, akamnyoa shavu moja, kisha akaenda uani kufuata maji ya moto. Ncha alikuwa amesimama mbele ya simu, ndiyo kwanza kameza dawa yake.

"Mdogo wangu, umenisahau," Asali akanong'ona, akaweka kifurushi kando ya kopo la poda. "Zawadi tu. Hata senti sijakudai."

Ncha akaganda. Fagio likamtoka. Mikono ikaanza kutetemeka kama zamani, jasho likamtiririka, macho yakanasa kwenye kifurushi. Hapo, majirani zangu, mimi niliinuka kama simba, nikauziba mlango kwa kifua.

Mkono wa Ncha ukanyooka. Tukajua amekwisha. Ukakipita kifurushi, ukabonyeza kitufe chekundu.

"Ncha, niko hapa," Muuguzi akatokea kwenye kioo cha simu. "Vuta pumzi. Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa, Sista. Lakini yupo hapa, kaniletea."

"Yupi, huyo mwenye povu? Kaka, sogea kwenye mwanga nikuone vizuri."

Asali alijifunika uso kwa shuka, akaniponyoka mlangoni, akatokomea na ndevu za upande mmoja. Nasikia hakuna kinyozi aliyekubali kummalizia, mpaka leo anatembea ameinamisha shavu. Kifurushi Ncha alikimwaga mwenyewe mtaroni. Kisha akaketi sakafuni akalia, na Muuguzi hakuondoka kiooni mpaka Kinyozi aliporudi na maji. Mzee alisikiliza yote, akaweka birika chini, akaenda tena uani. Tukasikia kuku wanafukuzwa.

FUNZO

Uteja wa unga ni ugonjwa, nao hauponi kwa matusi. Simu haimponyi mtu, lakini inaweza kumfikishia mkono wa mponyaji pale anapozama. Dawa isikatizwe, mgonjwa asifichwe, na tumpigie makofi kabla hatujampigia kelele.

Haya niliwasomea majirani palepale saluni. Walinisikiliza hadi mwisho, kisha Ncha akasema, "Mzee Chumvi, siku ile simu ilikuwa inarekodi tangu nilipokunywa dawa."

Akawasha. Nikajiona chini ya benchi, nimejifunika shuka, masharubu tu ndiyo yamechungulia.

"Simba huyo," akasema fundi viatu.

Kiti cha kulia kilikuwa kimeoshwa kinang'aa, lakini hakuna mteja aliyewahi kuthubutu kukikalia. Nikakikalia mimi, kiapo ni kiapo. Wembe, safari hii mkononi mwa Ncha, ulishuka juu ya mdomo wangu, baridi, mwepesi. Kinyozi aliukodolea macho mkono wa mwanawe.

Mkono haukutetemeka hata kidogo.