Suruali ya Daktari

Rubani alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe la kazini. Mkewe alikuwa akipekua mkoba wa safari, akitafuta soksi za kufua. Akachomoa suruali nyeusi, ndefu ajabu.

"Hii ya nani? Ukiivaa wewe itatufagilia nyumba."

"Ya daktari," rubani akajibu, kisha akajuta. "Ameniomba nimpunguzie."

Mkewe akacheka mpaka akakaa kitandani. "Wewe? Kifungo tu kinakushinda!"

Mumewe hakucheka. Akazima pasi, akasema yote. Tangu mama yake afariki, halali. Hulia peke yake ndani ya gari. Jana alikwenda zahanati ya mbali, asikojulikana, akajiita fundi cherehani. Daktari akampa vidonge. Kisha akafungua kabati, akamkabidhi na suruali.

"Kwa nini hukutaja kazi yako?"

"Mamlaka ya usafiri wa anga wakijua, watachukua leseni yangu. Sina kazi nyingine ninayoijua. Naogopa, mke wangu."

Mkewe akamshika mkono. Alimhurumia sana, maskini.

"Na vidonge umemeza?"

"Jana usiku. Kichwa bado kizito."

"Basi leo hurushi ndege. Piga simu, sema unaumwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe unabeba roho za watu."

Akapiga simu. Kisha wakaenda pamoja kwa daktari anayepima marubani, mama mmoja mtu mzima. Rubani hakuficha kitu, hata suruali aliitaja.

"Pole kwa msiba, mwanangu," daktari akasema. "Vidonge hivi vinaleta usingizi. Fundi cherehani akisinzia, atajichoma sindano. Wewe ukisinzia huko juu, je? Mwenzangu hakujua anamtibu nani."

"Ndiyo leseni imekwenda, mama?"

"Sitakudanganya. Utaacha kuruka kwa muda, na mamlaka lazima waambiwe. Uamuzi ni wao. Lakini nimewaona marubani wengi waliosema mapema, wakatibiwa, wakarudi. Kuficha ndiko kunakoharibu."

Haikuwa rahisi. Kila ndege ilipopita juu ya paa, rubani alitoka nje kuitazama. Alipewa kazi ya kufundisha marubani wapya darasani. Alitibiwa, akazungumza na mshauri kuhusu mama yake, akalia bila kujificha. Pole pole usingizi ukarudi. Alipimwa upya, na mamlaka wakamruhusu kuruka.

Na ile suruali? Mkewe aliipeleka kwa fundi wa kweli. Rubani akairudisha mwenyewe zahanati na kuomba radhi. Daktari alicheka, akamwandika upya kwenye kadi: kazi, rubani.

Siku ya kwanza angani, abiria walipokwisha kufunga mikanda, alishika kipaza sauti.

"Habari za asubuhi," akasema. "Mimi ndiye rubani wenu."