Gundi Kwenye Kona za Sanduku

Walikutana sokoni Surquillo, kwenye foleni ya mishikaki ya moyo wa ng'ombe. Redio ya muuzaji ilikuwa ikipiga wimbo wa Carbón Dulce, bendi ya wale dada watatu ambao sauti zao hupandana mpaka hujui nani kaanza wapi. Amador, shati la maua na viatu vyeupe pee, alikuwa akiipiga meza kwa viganja.

"Unachelewa," Zoraida akamwambia. "Hapo kiganja kinatangulia sauti ya tatu."

"Kwani wewe nani, mwalimu?"

"Fundi. Natengeneza kahoni."

"Yale masanduku ya kukalia na kupiga? Wewe?"

"Njoo karakana ulione moja, halafu ucheke vizuri."

Akaenda. Akalikalia, akalipiga, akasahau kucheka. Miezi minane baadaye alikuwa bado haondoki, na sanduku bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza Zoraida lilikuwa zawadi yake kwa Amador. Jumapili walicheza nyimbo za Carbón Dulce, Amador akipiga, Zoraida akiimba sauti ya juu, vumbi la mbao limemjaa nyweleni.

Kisha bendi ile ikatafuta mpigaji mpya wa kahoni. Amador akaitwa kwenye majaribio, na redio ikamhoji. Zoraida alikuwa na randa mkononi aliposikia mtangazaji akiusifia mlio wa sanduku.

"Nimelitengeneza mwenyewe," Amador akajibu, "kwa mikono yangu hii."

Zoraida akampigia simu.

"Umenisikia, kipenzi?"

"Nimekusikia."

"Nimesemaje?"

"Vizuri sana. Kesho niletee sanduku nilipige msasa."

Hakulia. Miaka kumi na moja wanaume walikuwa wakiingia karakana ile na kumuuliza fundi yuko wapi. Leo huyu, aliyelala kifuani mwake, amemfuta jina jiji zima likisikia. Machozi ya nini tena? Ubao wa mbele wa kahoni huachwa bila gundi kwenye kona za juu ili upumue, na hapo ndipo unapotoka ule mlio mkali. Amador alipolileta sanduku, Zoraida akazitia gundi kona zote mbili, akabana, akapangusa. Akamrudishia asubuhi ya majaribio, na busu juu.

Yalikuwa Jumamosi mchana, uani kwa Eufemia, mkubwa wa wale dada, majirani wamejaa. Zoraida alivaa gauni jekundu akasimama mbele kabisa, ana njaa ya kumwona mtu akiumbuka.

Sauti tatu zikapanda. Amador akapiga, na sanduku likaguna kama gunia la viazi lililodondoshwa. Akalegeza skrubu. Likaguna vilevile.

"Si umelitengeneza wewe?" Eufemia akasema. "Lirekebishe, tunakusubiri."

Watu wakaanza kuchekea viganjani. Zoraida akasikia utamu, utamu hasa, mpaka kwenye meno. Amador akazipapasa zile kona, akakuta ugumu wa gundi, akainua macho. Macho yao yakakutana, akajua. Angeweza kumnyooshea Zoraida kidole palepale.

Akainuka. "Nilidanganya. Hata msumeno sijui kuushika. Fundi ni Zoraida Campos, yule pale. Niliona haya kwamba kila kizuri nilicho nacho kanipa yeye."

Utamu ukapungua kidogo. Kidogo tu. Zoraida akamfuata, akatoa kisu chembamba kwenye mkoba.

"Kumbe ulikuja kuniokoa," Amador akanong'ona.

"Nilikuja kukuona ukiaibika. Kisu ni cha kuliokoa sanduku langu."

Akaichana gundi, kona hii na ile. Akagonga mara moja, mlio ukaruka mpaka ukuta wa pili. Amador akashusha pumzi, akasogea ili akae.

Zoraida akakaa yeye.

"Mpenzi," Amador akasema polepole, "hii nafasi ni yangu."

"Na majuto pia ni yako. Dada Eufemia, tuanze?"

Eufemia akamtazama, akatabasamu, akainua kidole. Sauti tatu zikapanda, na viganja vya Zoraida vikazibeba, vikali, havisamehi. Majirani waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka.

"Sasa mimi nifanye nini?" Amador akauliza.

"Simama nyuma yangu upige makofi," Zoraida akasema bila kugeuka. "Ukipiga vizuri, nitafikiria kama bado nakupenda."

Amador akapiga makofi.