Maneno Aliyoyakata Maranga

"Phelesia, wamecheka. Mzimu anatokea, ukumbi mzima unacheka!"

Maranga alikuwa ameketi kwenye ngazi za ukumbi pale Homa Bay, jua la saa tisa likimpiga usoni. Miaka miwili alikuwa ameisumbukia filamu aliyotoka kuionyesha mle ndani, ya ile hadithi ambayo kila mtoto wa kando ya ziwa hukua akiisikia: marehemu anayerudi kumpikia mumewe, mpaka mume amwambie aende akapumzike.

"Niambie ukweli," akasema. "Ni mbaya?"

"Ni mbaya."

"Ni yale macho mekundu?"

"Macho si kitu. Pale mume anaposema, 'Nenda, mke wangu, nitabaki salama,' utotoni sisi wote tulikuwa tunalia. Wewe umempa mzimu panga, akamaliza kijiji. Yale maneno yako wapi?"

Maranga akainama. "Tulishuti. Yule muigizaji aliyasema vizuri kabisa. Nikayakata."

"Kwa nini?"

Maranga akainuka, akajipangusa vumbi.

Phelesia hakuuliza tena. Benta, mke wa Maranga, alifariki miaka sita iliyopita. Phelesia mwenyewe, mwalimu wa Rangwe, alikuwa mchumba wake kwa miaka minne, na kila alipotaja harusi, Maranga alibadilisha mazungumzo.

"Sina hasira, Maranga. Nimechoka tu. Siwezi kushindana na mtu ambaye hazeeki."

Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Siku tatu Phelesia hakupokea simu za Maranga. Ujumbe wake ukaingia, akiwa mjini Suna: "Nimeharibu hadithi ya watu." Hakujibu. Mwingine: "Na wewe nimekuharibia." Akausoma mara mbili, akarudi kusahihisha madaftari.

Jumapili, baada ya kanisa, simu ikalia tena. Akapokea hata kabla ya kuvua viatu.

"Niko Awendo," Maranga akasema. "Kwa mama yake Benta. Nimemwambia nataka kuoa."

Phelesia akaketi kitandani. "Akasemaje?"

"Amelia kidogo. Halafu akaniuliza mbona nimekawia hivi."

"Maranga, usinichezee."

"Sikuchezei. Ngoja, anataka kukuongelesha."

Simu ikakwaruza, ikahamia mkono mwingine. Kisha sauti ya mama, nzito na ya polepole:

"Nyathina, mwanangu, ni wewe mwalimu?"

"Ni mimi, mama."

"Huyu mtu amelia kwangu miaka sita. Hata mimi nimechoka. Kuja umchukue."