Chapa ya Ngamia Nyuma ya Simu

Hamze aliomba lita mbili za maziwa ya ngamia, akalipa kwa simu, na ujumbe wa malipo ukakataa kuingia kwa Osob. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Ilikuwa asubuhi, na soko la Garissa lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Wanawake wa maziwa walikuwa wameketi safu moja chini ya maturubai, kila mmoja na majerikeni yake ya manjano, na juu ya paa la bucha korongo walisimama wamekunja shingo kama wazee wanaosubiri kesi ianze. Osob alivaa jilbabu ya rangi ya zambarau iliyoanza kupauka mabegani. Hina ilikuwa imebaki kwenye kucha tu, na nguo zake zilinukia ule moshi wa kufukizia vyombo ambao hautoki hata ufue mara tatu.

"Kaka, haijaingia," alisema.

"Imetoka kwangu, walaal, dada yangu. Angalia."

Osob akaiangalia simu yake, kisha akamwangalia usoni. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza, na pale sokoni walikuwepo watu waliozoea kuonyesha ujumbe wa wiki iliyopita. Jirani yake Fosia akacheka bila kuinua macho kwenye kikombe alichokuwa akisuuza.

"Mshike shati huyo, Osob. Hawa wa mashati ya mistari ndio hukimbia na maziwa."

Hamze naye akacheka. Mfuko wa shati hilo la mistari ulikuwa umejaa bisibisi nyembamba, na kwenye paji la uso alikuwa na alama ya miwani ya kukuzia vitu. Akaomba aione simu yake. Osob akampa, lakini akaivuta chupa ya maziwa upande wake wa meza, ikawa kila mmoja ameshika mali ya mwenzake.

"Imeshiba," Hamze akasema baada ya kubonyeza hapa na pale. "Memori imejaa mpaka shingoni, haiwezi kumeza hata ujumbe mmoja. Umeweka nini humu?"

Hakukuwa na picha, wala video za harusi, wala mchezo wowote. Kulikuwa na voisi tu, mia sita na kumi na mbili, zote kutoka namba moja.

"Huyu anayekupigia domo hivi ni nani? Mchumba?"

"Mama yangu. Alifariki mwaka jana."

Hamze akaiweka simu mezani kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Akamwombea mama rehema. Kisha akasema, "Basi hapa hatufuti kitu."

Osob aliisikia ile "hatufuti". Alimsukumia chupa yake, na siku hiyo hakuidai tena ile pesa.

Mama yake, Nafiso, aliishi na ngamia upande wa Hulugho, na hakujua kuandika hata jina lake. Osob alipoletwa Garissa kuuza maziwa, mama akajifunza kitu kimoja tu kwenye simu, kubonyeza alama ya kipaza sauti na kuongea. Kila jioni alituma. Ngamia gani amezaa, kisima gani kina maji, nani ameoa, na mara nyingine alikuwa akinywesha mifugo tu, akaimba ule wimbo wa kisimani, na nyuma ya sauti yake ungesikia ngamia wakifyonza maji. Osob alikuwa amefuta kila kitu kingine ili zile voisi zikae. Sasa simu ilikuwa ikijizima yenyewe kila siku, na kila ikizima moyo wake ulizima nayo mpaka iwake tena.

Aliweka akiba muda wa miezi miwili, kisha akaenda kwenye kibanda cha Hamze cha kutengeneza simu, nyuma ya msikiti.

Hamze alimtandikia simu kwenye kitambaa cheusi. Zilikuwa zimetumika Dubai, akaeleza, zikaja kwake zimechoka, naye akazifungua, akabadilisha betri na kioo, akazisafisha mpaka ndani. Osob akaokota moja ya buluu, iliyokuwa tayari ndani ya kava la buluu vilevile, na kuigeuza.

"Mwenye simu wa kwanza ametoka kabisa?"

"Ametoka. Nimefuta mpaka chini."

"Hata sauti za watu wake?"

"Hata hizo."

Osob akamwonea huruma mtu huyo ambaye hatamjua kamwe. Akaichukua ile ya buluu, yenye jibii mia moja ishirini na nane, mara nane ya ile yake. Hamze akaziweka simu mbili sambamba na kumwambia asiondoke, akae aone mwenyewe kila kitu kikipita, na kwamba yeye hatafungua voisi hata moja. Hakufungua. Aligeuza kiti akaangalia mlangoni.

Namba zikawa zinapanda kwenye kioo. Kumi. Themanini. Mia mbili. Vile visima, wale ngamia, jioni zote za Hulugho vilikuwa vikivuka kutoka kikaratasi kimoja cha kioo kwenda kingine, bila waya, bila sauti, hewani, mbele ya pua yake. Ilipofika mia sita na kumi na mbili ikasimama. Hamze akamwonyesha nafasi iliyobaki, mstari mrefu mweupe wenye kidoa kidogo tu mwanzoni.

"Kidoa hicho ndiye mama," akasema.

"Na huku kote?"

"Kutupu. Ni kwako."

Osob aliutazama ule weupe kwa muda. Ulikuwa kama mbuga ya Ijara baada ya mvua, unaposimama na usione mwisho wake. Akabonyeza voisi ya kwanza, na mama akasema, "Osob, umekula?" Sauti ilikuwa safi, karibu, kama iko nyuma ya pazia. Alilia bila kujificha, na Hamze akaendelea kuuangalia mlango.

Wiki iliyofuata simu ya zamani ikafa moja kwa moja. Hamze naye akawa anapiga. Mwanzo aliuliza habari za betri. Baadaye akawa anauliza betri ili tu aulize mengine.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Hana ugonjwa. Daktari ndiye anasumbua."

"Daktari hajanywa maziwa leo, qalbi. Mikono inatetemeka."

"Nani qalbi, moyo wako? Mimi naitwa Osob."

"Osob qalbi."

Fosia alikuwa akimwambia kwamba mtu anayecheka na simu kwenye foleni ya wateja atapimia watu lita moja na nusu mahali pa moja. Na kweli alipimia hivyo, mara mbili.

Kisha akaja Abti Shirwa, kaka wa mama yake, kutoka Hulugho na lori la mifugo. Aliketi nyuma ya majerikeni, fimbo mapajani, Osob akampa simu amsikie dada yake. Mzee akaiweka sikioni, akaona sauti ni ndogo, akalivua kava ili isikike vizuri. Pale alipoigeuza, akaisogeza machoni. Chini kabisa ya mgongo wa buluu palikuwa na mchoro mdogo uliochorwa kwa ncha ya chuma, mstari uliosimama na mwezi mchanga ubavuni.

Osob alikuwa hajawahi kuvua lile kava. Lakini alikuwa amekulia kwa ngamia, na hakuhitaji kuambiwa kitu hicho ni nini. Ni sumad, chapa, ile wanayoipiga shingoni mwa ngamia kwa chuma cha moto ili hata akipotelea mbali ijulikane ni wa nani. Chapa haiwekwi kwa kupendeza. Inawekwa na mwenye mali.

"Chapa hii ni ya watu wa Ijara," Abti akasema taratibu. "Osob, lini tulikaa nao wakatuomba kitu?"

Hakuna swali lingeweza kumchoma zaidi. Binti aliyebeba kitu chenye chapa ya nyumba nyingine, wazee wake hawajui, amejitoa mwenyewe bila kuombwa. Na chapa yenyewe ilikuwa imepigwa juu ya sauti ya mama yake.

Alienda kibandani saa hiyo hiyo, akaiweka simu ya buluu juu ya kitambaa cheusi.

"Mimi si ngamia, Hamze."

Hamze akamwangalia, akaiangalia simu, asielewe. Osob akaigeuza, akaweka kidole kwenye ule mchoro.

"Ah, hiyo," Hamze akasema, na uso wake ukapumua. "Hiyo ni alama ya duka tu, walaal. Naweka kwa kila simu, ili ikirudi nijue ni kazi yangu. Si yako pekee."

Hamze alikuwa mtoto wa mjini, aliyezaliwa karibu na daraja la Tana, na alidhani ameutuliza moto. Osob alisimama pale akishangaa nafsi yake. Dakika moja iliyopita alikuwa na hasira kwamba amefanywa wa mtu. Sasa ilimuuma kwamba alikuwa mmoja tu katika kundi. Asingeweza kusema lolote kati ya hayo mawili.

"Basi kaa nayo," akasema.

"Na mama je?"

"Niwekee." Akatoka.

Alinunua kabambe, simu ndogo ya vitufe. Hamze alipiga siku ya kwanza mara nne, ya pili mara mbili, ya tatu hakupiga. Osob alipima maziwa sawasawa, bila kuzidisha hata tone, na jioni, saa ya voisi za mama, mkono wake ulienda wenyewe mfukoni ukakuta ile kabambe.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama, akaanza kuona. Mwalimu mmoja alikuja kununua lita moja, akalaza simu yake kifudifudi mezani ili ahesabu sarafu, na mgongoni palikuwa na mstari na mwezi mchanga. Kesho yake, muuza miraa. Kisha nesi, kisha askari wa doria, kisha mwanamke wa kambi za Dadaab aliyekuja mjini kununua nguo za watoto. Kila kava lililopasuka, kila simu iliyogeuzwa, mstari na mwezi. Kufikia Alhamisi alikuwa ameona arobaini na tatu. Alizihesabu kama alivyohesabu ngamia utotoni, kwa kunong'ona.

Jioni hiyo alimwambia Abti Shirwa. Mzee alikuwa akinywa chai, akaacha kikombe hewani.

"Arobaini na tatu?"

"Nilizoona mimi tu."

"Watu hao hawana ngamia tena," Abti akasema. "Baba yake kijana alikuwa na sitini. Ukame wa juzi ulimaliza wote, mpaka ndama. Nilimwona akitembea katikati ya mifupa akisoma chapa yake kwenye ngozi zilizokauka. Nilijua chapa ile imekufa." Kule barabarani watu walikuwa wakitoka msikitini, simu sikioni, simu mkononi, wakielekea kila upande wa mji. "Subhanallah," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe ngamia wake wanachungwa hapa."

Osob naye akawaangalia wale watu, na kwa mara ya kwanza akaliona kundi zima.

Asubuhi walienda kibandani wote wawili. Hamze alimwona mzee mwenye fimbo akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Simu ya buluu ilikuwa kwenye rafu, peke yake, imechomekwa kwenye chaji.

Abti akaipokea salamu, kisha akaomba asikilize sauti ya dada yake.

"Samahani, mzee wangu," Hamze akasema. "Hiyo ni ya Osob. Sijaifungua tangu alipoiweka, na siwezi kukufungulia wewe bila yeye kusema. Nilitaka kuifuta hiyo chapa. Lakini lazima nifungue mgongo, na mama yuko ndani. Nikaogopa. Nimeiwekea moto tu isizime."

Abti Shirwa akamgeukia Osob, kwa uso ule anaoutumia akishapapasa nundu ya mnyama na kuridhika.

"Sikujua maana yake kwenu," Hamze akamwambia Osob. "Mimi ngamia niliwaona likizoni tu. Baba alipobaki bila hata mmoja, alikuwa akichora ile alama mchangani kwa kidole, kutwa nzima. Nikaona niitafutie mahali pa kukaa."

"Baba yako alishawahi kuziona hizi simu?"

"Hutoka jioni akakaa kwenye ngazi ya msikiti. Anasema anahesabu mifugo."

Osob aliiangalia meza, akaona ile kalamu ya chuma yenye ncha ya sindano. Akaiokota. Akaivua simu ya buluu kwenye chaji, akaigeuza. Kwao ngamia wa mahari akija na chapa ya nyumba moja haifutwi. Hupigwa ya nyumba ya pili kando yake, na kila anayemwona akinywa maji anajua nyumba zile mbili zimekuwa nini. Hamze hakulijua hilo. Abti Shirwa alilijua, ndiyo maana akageuka ghafla na kuanza kuwaangalia korongo wa juu ya paa kwa makini makubwa.

Kando ya mstari na mwezi, Osob akachora mistari miwili iliyolala na nukta katikati, chapa ya ngamia wa mama yake.

"Nini hiyo?" Hamze akauliza.

"Utaelezwa na wazee. Lete simu yako."

Akaitoa mfukoni. Mgongo wake ulikuwa laini, hauna hata mkwaruzo.

"Hii mbona haina chapa?"

"Yangu naijua. Haiwezi kupotea."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote," Osob akasema, akainama, akaanza kuchora.