Vitelezi Kwenye Kopo la Karata

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa unyuzi wa kijani, mfupi kama ukucha. Ulikuwa umenasa kwenye upote, ule uzi wa upinde unaovutwa. Ilikuwa Jumamosi. Kaka yangu Ovide alikuwa amerudi kutoka majini, na mimi nilikuwa nafuta tope kwenye upinde wake. Unyuzi ule ulikuwa wa mshipi, ule wa kuvulia samaki. Nikajiuliza, mshipi umeugusaje upote? Nikauchomoa, nikautupa. Sikumwambia mtu.

Kwetu Luiziana maji yanaanzia nyuma ya jiko. Yakipata joto mwezi wa nne, samaki wakubwa huja kwenye maji ya kina kifupi kutaga. Tunayempenda ana mdomo mrefu wenye meno na magamba magumu kama vigae. Wazee walimwita samaki mwenye silaha. Ndoano haimuwezi vizuri, kwa hiyo tunampiga kwa mshale uliofungwa mshipi. Mama husaga nyama yake akatengeneza katlesi, tukala kwa wali.

Marehemu babu alifunga kopo la maziwa mbele ya upinde, akaviringisha mshipi juu yake. Ncha ya mshipi aliifunga mkiani mwa mshale. Ovide alinunua kigurudumu kipya cha kukunjia mshipi, chenye kitufe cha kubonyeza. Lakini mshipi aliendelea kuufunga mkiani, kama babu.

Ndani ya boksi la kigurudumu mlikuwa na vipande sita vyeusi vya plastiki, kila kimoja kina tundu katikati. Hatukujua ni vya nini. Karatasi ya maelezo tuliwashia moto. Baba alivitia vile vipande kwenye kopo la karata. Kila Ijumaa tukicheza buré, mchezo wetu wa karata, tuliweka dau kwa vipande hivyo badala ya maharage.

Jumatatu asubuhi tulitoka, Ovide mbele ya mtumbwi, mimi nyuma na upondo. Aliona samaki. Akavuta upote, akaachia. Nikasikia mlio kama wa kofi. Mshale ulikwenda hatua chache tu, kisha ukarudi. Ulipita shavuni mwa Ovide, ukachukua kofia yake, ukajichoma kwenye ubao karibu na goti langu.

Ovide alikaa chini polepole. Chini ya jicho lake la kulia palikuwa na mstari mwembamba wa damu. Alikuwa amefumba macho.

"Elmire," akaniita. "Jicho lipo?"

"Yapo yote mawili."

Akacheka, akafuta damu kwa mkono wa shati.

Nyumbani baba aliutundika upinde juu ya mlango, akasema hautashuka tena. Mama alivuka njia akamwita jirani yetu Zénobie, mjane aliyetengeneza pinde na nyavu za watu kwa miaka ishirini. Alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi. Akaomba upinde ushushwe, akamwambia Ovide aweke mshale kama anavyouweka siku zote.

Ovide aliuweka. Zénobie akafuata mshipi kwa kidole. Ulitoka kwenye kigurudumu, ukaja nyuma mpaka mkiani mwa mshale, ukapita kando ya upote.

"Unaona hapa?" akasema. "Ukiachia, mshipi unajisokota kwenye upote. Mshale unataka kwenda, mshipi unaukatalia. Na huu mshipi wako wa plastiki unanyumbuka kama mpira wa manati. Sasa unadhani unamrudishia nani mshale?"

"Mimi, shangazi."

"Wewe na hiyo pua yako."

Baba alisema mzee wake aliwinda hivyo hivyo miaka yote. Zénobie akamjibu kwamba mzee alikuwa na bahati, na bahati hakumwachia mtu urithi. Kisha akauliza, "Boksi lilikuja na vitelezi, vipande vyeusi vyenye tundu. Viko wapi?"

Watu walitazamana. Mimi nilijua. Mbele ya mgeni ulimi wangu huwa mzito, kwa hiyo niliingia ndani nikaleta kopo la karata, nikaliweka mapajani mwake. Alilifungua, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Jamani," akasema, "mnachezea macho yenu karata."

Akanipa mshale mmoja, akanielekeza, nami nikafanya. Nilivisha kitelezi kwenye mshale. Mkiani nikafunga skrubu ndogo ili kisitoke. Nikakisukuma mbele na nyuma kwa kidole. Kinatakiwa kiteleze bila kukwama. Mshipi haufungwi tena mkiani, unafungwa kwenye kitelezi. Mshale ukiwa kwenye upinde, kitelezi kinakaa mbele, kwa hiyo mshipi wote unabaki mbele ya upote. Mshale ukiondoka, kitelezi kinarudi chenyewe mpaka kwenye skrubu, na mshipi unafuata nyuma kwa amani.

Ule mshipi wa plastiki aliukata wote. Akatupatia wake, mnene, wa kusokotwa, usionyumbuka. Akasema kila baada ya siku chache tuupapase. Tukikuta umechanika, tukate kipande hicho na kufunga upya. Mshipi usizunguke mguu wala kifungo cha shati. Na miwani ivaliwe.

"Lililobaki ni kitufe," akamwambia Ovide. "Ukishakunja mshipi, kigurudumu kinajifunga. Kabla ya kuvuta upote, bonyeza. Halafu vuta mshipi kidogo kwa kidole, uone unatoka. Usipobonyeza, hata kitelezi hakitakusaidia."

Jumamosi iliyofuata baba mwenyewe alitukabidhi upinde. Ovide alirusha mara ya kwanza akakosa. Akakunja mshipi. Papo hapo samaki mwingine akainuka mbele yetu, mrefu kama benchi. Ovide akaweka mshale, akashika upote. Mimi nilikuwa natazama kidole gumba chake. Hakikugusa kitufe.

"Ngoja," nikasema.

Akashusha upinde. Akatazama kitufe, akanitazama mimi. Akabonyeza, akavuta mshipi kwa kidole, ukatoka. Samaki alikuwa bado pale, anajiotea jua. Mshale ulikwenda moja kwa moja.

Mchana tulikula katlesi, na Zénobie alikuwepo. Ovide aliwasimulia wote jinsi nilivyomsimamisha. Alisema kuanzia leo hakuna mshale utakaoingia mtumbwini kabla Elmire hajaukagua, maana huyu haoni kama sisi, huyu ana macho ya mwewe. Baba akanisogezea sahani. Masikio yalinichoma.

Niliweka uma chini.

"Kaka," nikasema, "Jumamosi ile, kabla mshale haujarudi, nilikuta unyuzi wa mshipi kwenye upote. Nilijua si mahali pake. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa mtanicheka."